Nkuba Aliyekataa Kuhesabu

Uyole ni mahali pa baridi. Hapo ndipo barabara inayotoka Mbeya mjini inapogawanyika, moja inashika kwenda Iringa, nyingine inapinda kwenda Tukuyu. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu unashuka mlimani mpaka barabarani. Lori likija hulioni. Unaona taa zake tu zinaelea, halafu nazo zinapotea.

Nyuma ya barabara kuna mashamba ya viazi na karoti. Yanapanda kilima kama ngazi. Chini yake kuna kijito, na karibu na kijito Lutengano anachoma matofali. Mke wake, Tusajigwe, analima karoti. Wana binti mmoja, Joyness, wakati huo alikuwa darasa la nne. Ni watu wa kawaida. Wanakula, wanasali, wanadaiwa kidogo dukani kama watu wengine.

Tanuru la matofali likishachomwa, joto lake halitoki upesi. Watoto wa mtaani wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mchana wapo sokoni, wanaosha karoti za watu na kubeba magunia ya viazi. Jioni wanakuja kujibanza ubavuni mwa tanuru, kama vifaranga. Alfajiri Lutengano akifika anawakuta bado wamelala, vichwa vimejaa majivu.

Mwanzoni aliwafukuza. Alisema wanavunja matofali. Tusajigwe hakukubaliana naye.

"Baba Joyness, joto hilo si linakwenda angani? Unamnyima nani?"

Lutengano alijibu kwamba joto hilo halikutoka angani, limetoka kwenye kuni zake. Lakini hakuwafukuza tena. Aliwanunia tu, nao wakamzoea na kununa kwake.

Mmoja wa watoto hao aliitwa Nkuba. Alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo. Umri wake hakuna aliyeujua vizuri, hata yeye mwenyewe. Kwa kumtazama, ungesema miaka kumi na moja, labda na zaidi kidogo. Alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini, wakakaa bonde la Usangu, na yeye akazaliwa hukohuko bondeni. Rafiki yake wa tanuruni alikuwa Yotamu, mtoto mdogo wa Kisafwa, mvivu wa kuamka.

Nkuba alikuwa anaamka kabla ya wenzake. Anapanda juu ya rundo la matofali mabichi, anatazama mlima. Ukungu ukianza kupasuka, vipande vyeupe vinatembea taratibu juu ya kilima. Hapo Nkuba anapiga mluzi. Mluzi mrefu, wa chini, kama mtu anayeita bila haraka.

Asubuhi moja Joyness alimletea baba yake chai. Akausikia ule mluzi.

"Unamwita nani?" akamwuliza.

"Ng'ombe."

"Wako wapi?"

Nkuba akanyoosha mkono kwenye mawingu. "Yule mweupe wa mbele ni Kipaji. Yule wa kijivu nyuma ni Jivu. Jivu anapenda kuchelewa. Ukiondoka bila kumwangalia, anabaki."

Joyness aliangalia. Kweli, wingu moja la kijivu lilikuwa limebaki nyuma ya mengine, limeegemea mti. Akasimama pale mpaka chai ya baba yake ikapoa.

Nyumbani alimhadithia mama yake. Tusajigwe alicheka sana, halafu akaacha kucheka. Akauliza mtoto huyo anasoma wapi. Joyness akasema hasomi popote.

Siku iliyofuata Tusajigwe alikwenda tanuruni na viazi vya kuchemsha. Akamkalisha Nkuba, akamwuliza kwa nini haendi shule. Nkuba alijibu huku anakula, bila kulalamika. Alisema alishawahi kwenda mpaka getini. Mlinzi akamwita chokoraa, akamwambia atoke. Mtu mwingine akamwambia shule inataka cheti cha kuzaliwa, inataka sare, inataka mzazi. Yeye hana hata kimoja. Halafu asubuhi ndiyo saa ya kazi sokoni. Akiingia darasani, mchana atakula nini? Na urefu wake ule, atakaa na watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati?

Tusajigwe alikusanya maganda ya viazi. Alirudi nyumbani akiwaza. Alipofika uani, akamwita jirani yake, Leokadia.

Leokadia ni Mhehe wa Idodi, ule upande wa Iringa barabara inakokwenda mbugani Ruaha. Alihamia Uyole zamani kidogo, anafuga kuku, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa ya kulinda watoto. Anaongea polepole, lakini akianza hakatizwi.

"Kamwene, Mama Joyness," akamsalimu kwa Kihehe. "Leo umekunja uso kama Baba Joyness."

Tusajigwe akamweleza yote. Akasema anataka kumchukua mtoto alale jikoni kwake, basi, mengine Mungu anajua.

"Moyo wako mzuri," Leokadia akasema, "lakini mtoto si kuku aliyepotea, umfungie bandani kwako. Anzia kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji atatupeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye mwenye kazi ya kumtafuta mzazi. Na kama nyumba yako inafaa, yeye ndiye atakukubalia ukae naye. Wanaita familia ya kuaminika."

"Na cheti je? Na sare?"

"Cheti kinafuatiliwa huku mtoto akiwa darasani. Hakisubiriwi kwanza. Ada hakuna shule ya msingi ya serikali. Sare itapatikana. Aende na nguo safi, ustawi waongee na mwalimu mkuu."

"Na ule urefu?"

Leokadia akacheka. "Kwa huo urefu kuna MEMKWA. Ni darasa la watoto waliokosa shule wakapitwa na umri. Wanasoma wakubwa kwa wakubwa, wanafundishwa haraka, halafu wanaingia darasa la kawaida. Lipo shuleni kwa Joyness. Mwalimu wake ni Ezron. Hujawahi kulisikia kwa sababu watoto wake hawapigi kelele."

Wakafanya hivyo. Haikuwa kazi ya siku moja. Mtendaji alikuwa na mkutano, ustawi alikuwa safarini, wakarudi tena, mpaka ustawi akakubali Nkuba alale kwa Tusajigwe. Tusajigwe aliacha palizi ya karoti zake. Lutengano alinuna, lakini ni yeye aliyechota maji na kuyapasha moto tanuruni ili Nkuba aoge. Majivu yalivyotoka, Lutengano akasema kumbe humo ndani kulikuwa na mtu.

Siku ya kwanza ya shule Nkuba alivaa sweta la zamani la Joyness. Mikono ya sweta iliishia kwenye viwiko. Njiani alitembea nyuma ya Joyness na mama yake. Ukungu ulikuwa mzito, wakawa wanatembea kama watu waliomo ndani ya maziwa.

Mwalimu Ezron alimpokea vizuri. Alitaka kujua mtoto ameishia wapi. Akampa kitabu. Nkuba akasoma maneno mafupi, kwa kidole, maana alisoma darasa la kwanza kidogo huko Usangu kabla ya kwenda kuchunga. Mwalimu akafurahi. Sasa hesabu. Ezron alikuwa ameambiwa kwamba mtoto huyu ametoka kwa wafugaji. Akataka kumrahisishia. Akachukua chaki, akachora ng'ombe ubaoni. Aliwachora vizuri, na pembe na nundu.

"Haya Nkuba, hawa si unawafahamu? Hesabu."

Nkuba akanyamaza.

Mwalimu akadhani ng'ombe ni wengi, akafuta baadhi. Nkuba alipoona ng'ombe wanafutwa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mwalimu akasema haya, tuache ng'ombe, wahesabu wenzako waliokaa dawati la mbele. Nkuba akafunika uso kwa mikono ya lile sweta.

Darasa likacheka. Mmoja akasema hajui hata moja. Mwingine akasema huyu ni mchungaji wa mawingu, wamwache. Mwalimu aliwanyamazisha. Lakini alipomaliza alimwambia Nkuba kwa sauti ya upole kwamba kesho aanze na wadogo wa darasa la kwanza, apate msingi.

Kesho yake Nkuba hakwenda. Hakulala kwa Tusajigwe pia. Alirudi tanuruni, akajibanza karibu na Yotamu.

Wakati huo kulikuwa na dereva wa lori anayekwenda Nyololo, njia ya Iringa, kupakia mbao. Alikuwa anawaambia watoto wa sokoni kwamba huko kuna kazi ya kubeba mbao, na chakula. Nkuba akamwambia Yotamu kwamba Jumamosi anapanda lori hilo. Yotamu akamwambia Joyness. Joyness akaja nyumbani analia.

Leokadia aliposikia, uso ulibadilika. Akasema watoto wanaopakiwa namna hiyo humwoni tena anayewarudisha. Akasema leo hii anakwenda kwa mtendaji kuhusu huyo dereva. Lakini akasema pia kwamba mtoto huwezi kumfunga kamba. "Kama hatujui kilichomkimbiza, tukimzuia Jumamosi hii ataondoka Jumamosi nyingine." Tusajigwe alikwenda tanuruni kumbembeleza. Nkuba alimsikiliza kwa heshima, macho chini, kama anayesikiliza mvua. Kesho yake akaenda tena, ikawa vilevile.

Ijumaa mchana Lutengano alikuwa anapakia matofali kwenye mkokoteni wa mteja. Alikuwa peke yake, mgongo unamwuma. Nkuba akasogea, akaanza kumpokeza matofali bila kuambiwa. Lutengano hakumtazama. Akasema kwa kununa kwake kwa siku zote: "Basi nihesabie. Mimi nikihesabu na kuinama, nasahau."

Nkuba akahesabu. Kila kumi yakitimia anaweka kijiti pembeni. Lutengano alipotaka kufunga mkokoteni, Nkuba akasema bado, kijiti cha mwisho hakijatimia, mteja atakuja kugomba. Lutengano akayarudia matofali mwenyewe. Mtoto alikuwa sahihi.

Akabaki amesimama na tofali mkononi.

"Wewe si ulisema hujui kuhesabu?"

"Sikusema sijui."

"Sasa shuleni ulinyamaza nini?"

Nkuba akachezea kijiti kwa muda. "Mwalimu alitaka nihesabu ng'ombe."

"Ng'ombe wa chaki."

"Na watoto," Nkuba akasema. "Alitaka nihesabu na watoto."

Lutengano aliweka tofali chini. Ni mara ya kwanza watu wa Uyole kumwona Lutengano anaacha kazi kabla ya jua kuzama. Alimshika mtoto mkono, akampeleka nyumbani, akamwambia mkewe amwite Leokadia na waache kuongea, wasikilize tu.

Nkuba akawahadithia. Aliongea akitazama moto wa jikoni.

Alisema kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Wala watoto wa mtu. Ni vibaya. Jioni mchungaji anasimama mlango wa zizi, anawaangalia wanavyoingia. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo. Baba anauliza, "Wametimia?" Unajibu wametimia. Au unajibu Jivu hayupo. Namba haitajwi.

Lakini huko Usangu Nkuba aliingia shule, akajifunza namba, akazipenda. Jioni moja alitaka kumwonyesha baba yake. Akasimama mlangoni mwa zizi, akawahesabu ng'ombe kwa sauti, mmoja mmoja, akiwanyooshea kidole. Baba yake alimfunika mdomo kwa kiganja. Hakumpiga. Ila aliingia ndani bila kula.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Majani ya bondeni yakakauka, maji yakakauka, wafugaji wakaanza kuhama. Ng'ombe wakaanguka njiani. Kipaji akaanguka. Jivu akabaki nyuma, na safari hii hakuna aliyerudi kumchukua. Mama akaugua, akafa. Baba akamwacha Nkuba kwa baba mdogo, akaondoka kutafuta kazi. Huko kwa baba mdogo hakukuwa na chakula cha kutosha, na kulikuwa na fimbo. Nkuba akapanda lori la mpunga, akashukia Mbeya.

"Niliwahesabu, wakatawanyika," akasema. "Sasa mwalimu anataka niwahesabu na wale wa darasani. Yule mdogo wa mbele ana mama yake."

Joyness alimsogelea akakaa karibu naye.

Leokadia alisema taratibu kwamba mwaka ule yeye alikuwa amekwenda kwao Idodi. Aliona mifugo inapita. Aliona iliyokufa. Ng'ombe wa kila mtu walikufa, na wengi wao hakuna mtoto aliyewanyooshea kidole. Ni ukame ule. Nkuba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe si baba," akamjibu, bila ubaya.

"Kweli," Leokadia akasema. "Mimi si baba. Basi tutamtafuta baba."

Jioni hiyohiyo Mwalimu Ezron alikuja tanuruni. Leokadia alikuwa amemwambia yote. Alikaa juu ya tofali, suruali ikawa nyekundu. Akamwambia Nkuba kwamba yeye alichora ng'ombe akidhani anamrahisishia, kumbe alimbebesha mzigo. Akasema darasani kwake kuna mahindi, kuna vizibo vya soda, kuna matofali kama Baba Joyness atawaazima. Watahesabu hivyo. Watoto hawatahesabiwa na Nkuba. Na darasa la kwanza asahau, hakai huko.

"Njoo mpaka baba yako apatikane," akasema. "Akipatikana akasema usisome, mimi nitakusindikiza mwenyewe getini."

Nkuba alifikiri. Akauliza kama Yotamu naye anaweza kuja, maana Yotamu akiachwa peke yake anabaki. Mwalimu akasema Yotamu aje. Tusajigwe na Leokadia wakatazamana. Nyumba ya Tusajigwe ilikuwa imejaa. Leokadia akasema kuku wake wamepungua, kwake kuna nafasi ya mtu mdogo, Jumatatu atamwambia ustawi.

Jumamosi lori la mbao liliondoka kwenda Nyololo. Lilikwenda na dereva peke yake, tena baada ya mtendaji kumwuliza maswali marefu.

Afisa ustawi alipiga simu Usangu, kwa mtendaji wa kijiji. Huyo akamwuliza baba mdogo. Baba mdogo akasema kaka yake, Mwigulu, alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Simu ikapigwa Chunya, ikapigwa Makongolosi, ikazunguka. Wiki zikapita. Nkuba alikuwa anakwenda shule, anakunywa uji wa shule ambao mwalimu mkuu aliagiza wapewe wote, waliochangia na wasiochangia. Jioni na Jumamosi anamsaidia Lutengano kidogo. Lakini si saa za masomo. Hilo Leokadia alilisema mbele ya mwenye karoti sokoni, mbele ya watu, kwamba anayempa mtoto kazi saa za shule ameshika kichwa cha mtoto huyo akakizamisha majini.

Nkuba alihesabu mahindi na vizibo. Alijumlisha, akatoa, akagawanya. Alikuwa mwepesi. Lakini mwalimu akichora mnyama yeyote ubaoni, hata kuku, aliangalia dirishani.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mnene kuliko siku zote. Mlima haukuonekana, tanuru halikuonekana. Nkuba alipanda juu ya matofali mabichi kabla ya kwenda shule. Akapiga mluzi wake.

Mluzi ukajibiwa.

Alidhani ni masikio. Akapiga tena. Ukajibiwa tena, mrefu, wa chini, kutoka upande wa barabara. Joyness naye aliusikia, akasimama na birika mkononi. Nkuba alimgeukia. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeota, kwamba huo si mluzi wa wingu.

Kutoka kwenye ukungu akatokea mtu mrefu, miguu kama ya korongo, amejifunga shuka, vumbi jekundu la mgodini mpaka kwenye kope. Leokadia alikuwa nyuma yake, amekwenda kumpokea stendi. Mwigulu alisimama chini ya rundo la matofali akamtazama mwanawe. Nkuba alishuka taratibu, kama anayeogopa kuamka. Alipofika chini alipiga magoti akaamkia. Baba yake akamwinua.

Walikaa ubavuni mwa tanuru, palepale Nkuba alipokuwa analala. Mwigulu alisema alidhani mwanawe yuko kwa ndugu, anakula. Alipopigiwa simu aliacha shimo likiwa wazi. Tusajigwe akaleta chai na viazi. Halafu Nkuba akauliza lile swali lake. Aliuliza kwa Kisukuma kwanza, halafu baba yake akamwambia alirudie kwa Kiswahili, hawa waliomtunza nao wasikie.

"Baba, niliwatawanya mimi?"

Mwigulu aliweka kikombe chini.

"Masunga unamkumbuka? Jirani yetu. Ng'ombe zake hakuzihesabu mtu hata siku moja. Ziko wapi leo? Zilikufa na zetu, njia moja. Mvua ilikataa, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto. Mvua haikuwa inakusikiliza wewe."

"Lakini ulinifunika mdomo. Na hukula."

"Nilikufunika kwa sababu ya desturi. Ni heshima ya zizi. Kula sikula kwa sababu niliona majani yanaisha, na sikuwa na la kukwambia."

Nkuba alilia, kwa mara ya kwanza tangu aje Mbeya. Walimwacha alie. Lutengano alikwenda kuangalia kuni ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Mtoto aliponyamaza, Mwigulu akasema tena. "Desturi usiitupe. Ng'ombe wajue kwa sura, na watu waite kwa majina yao. Lakini ng'ombe wa chaki si ng'ombe. Hana hata maziwa. Huyo mhesabu mpaka mwalimu achoke."

Nkuba akacheka, kamasi zikimtoka. Hata Lutengano huko kwenye kuni alicheka, akajifanya anakohoa.

Walikwenda wote ofisini kwa ustawi. Mwigulu alisema mgodini si pa mtoto, hana nyumba, analala kwenye turubai. Wakakubaliana Nkuba akae kwa Tusajigwe na Lutengano mpaka baba yake apate makazi. Baba atakuja kumwona, na atapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Kwa kuwa mzazi alikuwepo, maombi ya cheti cha kuzaliwa nayo yakaanza. Kabla ya kurudi Makongolosi Mwigulu alipitia shuleni. Alisimama nje ya dirisha la MEMKWA, shuka lake begani. Mwalimu Ezron alimwona, akachukua chaki, akachora ng'ombe. Nkuba akasimama, akawatazama wale ng'ombe, akamtazama baba yake. Halafu akawahesabu wote, na nundu zao.

Darasa lile lilibadilika kidogo baada ya hapo. Mwalimu Ezron aliona kwamba zamani alikuwa anahesabu vichwa tu na kuandika. Mtoto akikosekana siku mbili, tatu, inakuwa namba imepungua. Akaanza kumwachia Nkuba mlango. Asubuhi Nkuba anasimama pale kama mlangoni mwa zizi, wenzake wanaingia. Mwalimu anauliza, "Wametimia?" Nkuba anasema wametimia. Au anasema fulani hayupo, na jana alikuwa anakohoa. Basi mchana mtu anakwenda kwao kuuliza. Wanafunzi wa darasa hilo waliacha kupotea kimyakimya kama zamani.

Mwisho wa masomo yale Nkuba alifanya mtihani wa darasa la nne, akafaulu, akaingia darasa la tano. Sasa ana sare, na mikono ya sweta inafika inapotakiwa. Yotamu bado yuko MEMKWA. Asubuhi, kabla ya kengele ya darasa lake, Nkuba hupitia kwanza kwenye ule mlango wa zamani.

Juzi ukungu ulikuwa umeshuka tena. Watoto waliingia mmoja mmoja, wanapuliza vidole. Mwalimu akauliza kama wametimia.

Nkuba aliwaangalia. Akageuka, akatazama nje kwenye weupe ule.

"Bado," akasema. Akapiga mluzi mrefu, wa chini.

Halafu huko kwenye ukungu ikasikika kandambili inaburuzwa. Yotamu akatokea, anapikicha macho, karoti mdomoni. Akapita chini ya mkono wa Nkuba, akaenda kukaa mahali pake.

"Wametimia," Nkuba akasema, akakimbilia darasani kwake.